Maji ya Moto kwa Kiwanda Kidogo cha Korosho: Namna Ninavyoyafunga Huku Newala

Mwenyekiti wa kikundi kimoja cha akina mama wanaobangua korosho hapa Newala alinipigia simu mwezi wa kumi na moja, msimu umepamba moto. "Fundi, njoo uone mwenyewe. Maganda yote yanaishia tanurini, na korosho zangu zinanuka moshi. Mnunuzi karudisha maboksi."

Nilifika nikamwamkia, nikaomba kigoda, nikakaa kutwa nzima bila kushika spana. Fundi anayefungua mabomba kabla hajatazama kazi inavyokwenda anakuuzia kifaa alichonacho, siyo unachohitaji.

Nilichokiona ni hiki. Kulikuwa na mioto miwili. Mmoja wa boila ndogo ya mvuke, wa kupikia korosho ghafi kabla ya kubangua, nusu saa hivi kila mkupuo, kazi ya asubuhi tu. Wa pili ulikuwa tanuri la maganda lililopakana na chumba cha kukaushia viini, moto upande huu, trei upande ule, katikati bati. Lile bati lilikuwa limeliwa na kutu mpaka unaona mwanga. Moshi wa maganda ya korosho una mafuta yale yale yanayobabua mikono ya wabanguaji, sasa hebu fikiria ukipita juu ya kiini cheupe kwa saa saba. Na kwa kuwa tanuri halikuwa na joto la kutosha siku za mawingu, walikuwa wanaiwasha boila ya mvuke hadi jioni ili isaidie. Yaani mvuke wa zaidi ya nyuzi 100 unatengenezwa kutwa nzima ili upate hewa ya nyuzi 65!

Marehemu baba alikuwa mchochea moto katika kimoja cha vile viwanda vikubwa vya korosho vya serikali, ambavyo vingi baadaye viligeuka maghala. Nimekulia kwenye mvuke, siudharau. Lakini kazi isiyozidi nyuzi 80 haihitaji mvuke. Inahitaji maji ya moto yanayozunguka. Hapa naeleza namna nilivyomfungia mama yule, na hesabu zake, ili na wewe mwenye kiwanda cha ukubwa huo uweze kumsimamia fundi wako, awe mimi au mwingine.

Andika joto la kila kazi kwanza

Chukua karatasi. Kupika korosho ghafi ni mvuke, acha kama ulivyo. Kukausha viini ili ngozi ya ndani ilegee ni hewa ya nyuzi 65 hadi 70. Kuosha trei, meza na mikono ni nyuzi 50 au 60. Ukimaliza kuandika utaona kwamba mvuke una mstari mmoja tu. Iliyobaki yote iko chini ya 70, na maji ya nyuzi 80 hadi 85 yanaitosheleza, kwa sababu radieta, yaani kile kifaa kinachochukua joto la maji na kuipa hewa, inahitaji kuwa na joto kidogo kuzidi hewa unayoitaka. Tofauti ya nyuzi 15 inatosha.

Anayefanya sabuni, anayekausha maembe, anayesafisha samaki kule Mikindani au Kilwa, wote waanze na karatasi hiyo hiyo.

Hesabu kwa uniti za LUKU

Watu wanaogopa hesabu za joto kwa sababu vitabu vinazungumza lugha ya kijouli. Mimi natumia uniti, zile zile za umeme unazonunua kwenye LUKU; uniti moja ni kilowati moja kwa saa moja. Kupasha lita 1,000 za maji kwa nyuzi moja kunachukua uniti 1.16. Basi. Zidisha lita kwa nyuzi, zidisha kwa 1.16, gawanya kwa 1,000.

Kiwanda cha mama kinabangua tani mbili za korosho ghafi kwa siku, kinapata viini kama kilo 500. Viini hivyo vinaingia kwenye kikaushio na unyevu wa asilimia 9 hivi na kutoka na asilimia 4. Maji yanayotoka ni kilo 26 tu. Kila kilo ya maji inayogeuka mvuke inakula kama uniti 0.65, kwa hiyo hapo ni uniti 17. Ongeza za kupasha viini vyenyewe, trei na kuta, kisha ongeza hewa ya moto inayotoka nje na unyevu, ambayo ndiyo mla joto mkubwa kuliko wote. Kwa chumba kilichojengwa vizuri kiasi, mimi nazidisha mara nne. Tuseme uniti 70 kwa siku. Maji ya kuoshea, lita 600 kutoka nyuzi 27 hadi 60, ni uniti 23. Jumla unapata 93.

Sasa upande wa moto. Kilo moja ya maganda makavu ina nguvu ya uniti tano na kidogo. Boila ndogo ya kuchochea kwa mkono inakupa nusu yake kwenye maji, nyingine inapanda na moshi. Kwa hiyo uniti 93 ni kama kilo 35 za maganda. Tani mbili za korosho ghafi zinaacha maganda zaidi ya tani moja! Mama aliposikia akacheka, akasema, "Kumbe nilikuwa natajirisha moshi." Maganda yaliyobaki sasa anawauzia wanaochomea matofali.

Nguvu ya boila: uniti 93 ukizigawa kwa saa nane ni kilowati 12 hivi. Nilifunga ya kilowati 30. Siyo kwa tamaa. Asubuhi unataka tanki lijae joto upesi, na mchocheaji naye ni binadamu, atakwenda kula.

Moto huu hauna swichi

Hapa naomba usome polepole, maana ndipo nilipopata alama ya kuungua iliyoko mkononi mwangu wa kulia.

Miaka ya nyuma, nikiwa msaidizi kwenye kiwanda ambacho sitakitaja, tulifungiwa boila ya maji iliyotegemea pampu. Pampu inasukuma maji kutoka kwenye boila kwenda kwenye radieta na kurudi. Juu ya boila kulikuwa na bomba la kupumulia linaloenda hadi kwenye pipa darini. Kila asubuhi bomba lile lilikuwa linatema maji kidogo, na mkuu wetu akachoka kujaza pipa. Akaagiza liwekwe valvu. Ikawekwa. Ikafungwa. Wiki mbili tukasifiana.

Siku ya siku umeme ukakatika saa nane mchana, tanuri limetoka kulishwa makoleo manne. Pampu kimya. Moto wa maganda haujui kwamba TANESCO wamekata; ule una mafuta ndani, unawaka kama umemwagiwa dizeli. Baada ya muda mfupi boila ikaanza kugonga, kwanza kama mtu anabisha hodi, kisha kama watu watatu wanatwanga kinu kimoja. Lita moja ya maji ikigeuka mvuke inataka nafasi ya zaidi ya lita 1,600. Na njia ya kutokea tulikuwa tumeifunga wenyewe. Valvu ya usalama ilifunguka, ikatoa maji yanayochemka ukutani, yakaniruka mkononi. Nashukuru ilifunguka. Ingekuwa imeganda kwa chokaa, nisingekuwa naandika.

Tangu siku hiyo nafunga mfumo kana kwamba umeme haupo kabisa, halafu umeme ukiwepo ni faida. Boila ya gesi au ya umeme ukikata swichi moto unakufa. Boila ya maganda, kuni au makumbi ya nazi huwezi kuizima, unaweza tu kuiacha imalize. Kwa hiyo joto lile lazima liwe na pa kwenda.

Pa kwenda ni tanki. Kwa mama niliweka tanki la chuma la lita 1,500, na nililiweka JUU ya boila, kwenye jukwaa la zege, tako la tanki likiwa juu kuliko kichwa cha boila. Zege, siyo mbao. Tanki likijaa lina tani moja na nusu na zaidi. Kati ya boila na tanki kuna bomba mbili za inchi 2, moja ya kupandisha maji ya moto hadi sehemu ya juu ya tanki, nyingine ya kurudisha ya baridi kutoka chini. Hakuna pampu. Maji ya moto ni mepesi, yanapanda yenyewe. Ya baridi ni mazito, yanashuka kuchukua nafasi. Ndiyo maana bomba ni nene na kona ni chache, kwa sababu nguvu ya kujisukuma ni ndogo na kila elbo inaikaba. Bomba la kupandia liwe na mwinuko wa kwenda juu mwanzo hadi mwisho, pasiwe na tumbo wala nundu ya kutega hewa.

Pampu iko moja tu, ndogo, kati ya tanki na radieta ya kikaushio. Umeme ukikatika, feni na pampu vinasimama, lakini boila inaendelea kumimina joto kwenye tanki kama kawaida.

Je, tanki litatosha? Hesabu. Tanuri la boila ile linabeba maganda kilo 8 ukilijaza. Hizo ni uniti 40 na kidogo, nusu yake hivi inaingia kwenye maji, tuseme 22. Lita 1,500 zinahitaji uniti 1.74 kwa kila nyuzi. Kwa hiyo tanuri zima likiteketea bila mtu kuchukua joto, tanki linapanda nyuzi 13. Likiwa na 80 litafika 93. Newala tuko juu ya uwanda wa Makonde, zaidi ya mita 600 kutoka usawa wa bahari, na huku maji yanachemka karibu nyuzi 98, siyo 100 kama Mtwara mjini. Bado kuna nafasi. Lakini ni nafasi ndogo, ndiyo maana nimeandika kwa rangi nyekundu kwenye ubavu wa tanki: *kipimajoto cha chini kikisoma 75, weka koleo chini.* Vipimajoto viko vitatu: juu, katikati, chini. Fundi atakayekuwekea kimoja tu, tena juu, amekuwekea pambo.

Pipa la juu na bomba la kupumulia

Maji yakipashwa kutoka nyuzi 25 hadi 85 yanavimba kama asilimia 3. Mfumo wa mama wote, tanki, boila na mabomba, una lita 1,800, kwa hiyo lita 53 zinatafuta pa kukaa. Nimeweka pipa la lita 200 kama mita tano juu ya boila, lenye kifuniko cha bati dhidi ya vumbi na mijusi. Likiwa baridi lina maji robo tu. Mtu akilijaza hadi juu akidhani anasaidia, mchana litafurika, na usiku akiona limepungua atajaza tena, na huo ndio mwanzo wa kutu.

Kutoka kwenye pipa kunashuka bomba la kujazia linaloungana na bomba la kurudi chini ya tanki. Kutoka juu ya tanki kunapanda bomba la kupumulia, inchi 1 na nusu, moja kwa moja hadi juu ya pipa, mdomo ukitazama chini ndani yake. Hakuna valvu kwenye bomba la kupumulia. Hakuna valvu kwenye bomba la kujazia. Nikikuta fundi ameweka, tunagombana, nimeshagombana na wawili.

Kama bomba la kupumulia linatema maji kila siku, dawa siyo kuliziba. Ama maji yanachemka, yaani unachochea kupita kiasi, ama pampu imefungwa mahali pabaya na inasukuma maji juu badala ya kuzungusha. Tafuta hicho.

Kwa mita tano za kimo presha chini ni nusu ya ba tu, kwa hiyo huu si mtungi wa presha kubwa. Hata hivyo valvu ya usalama naweka juu ya boila, na naifungua kwa mkono kila Jumatatu nione kama inapumua. Boila ya mvuke ya kupikia korosho ni habari nyingine, hiyo ina ukaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama mahali pa kazi, na cheti chake, wala usiniite nikusaidie kuukwepa.

Mabomba

Bomba nyeusi za chuma, za kuchomelea au za kukaza kwa kuzungusha, ndizo zangu. Bomba za mabati zinazong'aa zinauzwa kila duka la vifaa na watu wanazipenda, lakini zinki haipatani na maji yanayozidi nyuzi 60, inabanduka na kuacha chuma kikiliwa kwa madoa. Zile za plastiki za kijani tunazochomelea kwa pasi zinafaa upande wa maji ya kuoshea. Upande wa boila usizisogeze, siku maji yakifika 93 zitalegea kama ming'oko, vile viazi pori vya huku kusini, iliyochemshwa.

Tena chuma kinarefuka. Bomba la mita 30 likitoka nyuzi 25 hadi 85 linaongezeka sentimita 2 hivi. La plastiki urefu huo huo linaweza kurefuka zaidi ya sentimita 25! Ukilibana kila mahali kwa saruji litapinda au litang'oa unioni. Acha kona moja huru, au tengeneza mkunjo wa umbo la mlango.

Kwa mzunguko wa kikaushio nilitumia inchi moja na robo. Kilowati 30 kwa tofauti ya nyuzi 15 kati ya kwenda na kurudi zinahitaji lita 1,700 kwa saa, na bomba hilo linazipitisha bila kupiga kelele. Kila mahali palipoinuka weka kijivalvu cha kutolea hewa. Radieta isiyopata moto nusu yake, mara tisa katika kumi ina hewa.

Radieta ya lori

Radieta za viwandani zipo, bei yake utaijua mwenyewe. Mimi nilinunua ya lori la zamani, ya shaba, pale Masasi. Inastahimili joto na presha yetu vizuri, maana kwenye lori ilikuwa na kazi ngumu zaidi. Kuna masharti. Iwe ya shaba, siyo ya alumini, kwa sababu maji yanayokinga chuma kisishike kutu yanaitafuna alumini. Isukutuliwe ndani mara nyingi mpaka maji ya kijani au mekundu ya zamani yaishe kabisa, ile ni sumu na hapa tunafanya chakula. Nje ioshwe kwa magadi na maji ya moto mpaka grisi yote itoke, na usiipake rangi. Kisha ijazwe maji, ifungwe mdomo, ikae na presha usiku kucha juu ya karatasi kavu. Tone moja tu, irudishe.

Feni inavuta hewa safi kutoka nje, upande ambao upepo hauleti moshi wa bomba, inaipitisha kwenye radieta, inaingia chini ya trei. Juu ya mlango wa pili kuna tundu la kutolea unyevu lenye kifuniko cha kusogeza. Saa mbili za mwanzo liwe wazi, kisha lipunguze. Ukiliziba kabisa tangu mwanzo unavipika viini badala ya kuvikausha, na vinageuka rangi. Kujua kama vimekauka, akina mama hawahitaji mashine, wanachukua kiini, wanakisugua kwa kidole gumba, ngozi ikitoka yenyewe basi.

Harufu ya moshi iliisha siku ya kwanza. Moto uko chumba kingine, kinachoingia kwa korosho ni maji ndani ya bomba tu.

Kuvisha tanki

Tanki la chuma lisilovishwa kitu, lenye nyuzi 80, ndani ya chumba cha nyuzi 28, linapoteza zaidi ya wati 500 kwa kila mita ya mraba. Tanki la mama lina mita 7 hadi 8. Yaani kilowati 4 zinapasha hewa ya bure, mchana na usiku. Sufi ya mawe ndiyo nzuri, lakini kuipata huku ni kuagiza Dar. Nikaenda Lindi kwa shemeji yangu, nikarudi na magunia ya usumba wa nazi, nikaukausha juani siku tatu, nikaujaza unene wa sentimita 10 kati ya tanki na shati la bati jembamba. Upotevu ukashuka hadi kama robo ya kilowati. Tanki likiachwa na nyuzi 77 saa moja jioni, asubuhi linasoma 75.

Usumba una adui wawili: maji na panya. Na usiuweke kamwe karibu na bomba la moshi, pale acha nafasi tupu ya sentimita 30 au tumia udongo.

Maji gani ujaze

Huku juu maji ya bomba yanapandishwa kwa pampu kutoka mabondeni, na kila nyumba yenye bati inakinga mvua. Jaza mfumo kwa maji ya mvua yaliyochujwa kwa kitambaa. Pwani, visima vingi viko kwenye mawe ya matumbawe, maji yake yana chokaa. Ukiyachemsha sufuria inaota gamba jeupe, na boila nayo itaota.

Lakini siri kubwa ni kwamba mfumo huu unajazwa mara moja. Maji yale yale yanazunguka miaka. Chokaa iliyomo inatua kidogo mara ya kwanza kisha inaisha, hewa iliyomo inatoka kisha inaisha. Kila unapoongeza maji mapya unaleta chokaa mpya na hewa mpya. Kwa hiyo usichote maji ya kuoshea kutoka kwenye mfumo, hata kikombe. Ndani ya tanki nimezungusha koili ya shaba. Maji ya kuoshea yanapita ndani ya koili, yanachukua joto na kwenda zake. Nimewahi kumkuta mlinzi anachota maji ya mfumo usiku anachemshia ming'oko. Nilimwelewa, lakini tulizungumza.

Ongeza soda kidogo ya kuoshea mpaka karatasi ya kupimia pH isome kati ya 9 na 10. Halafu kila mwezi fungua bomba la chini, toa nusu glasi, itazame. Maji meusi kidogo yasikutishe, huo ni weusi wa chuma kilichotulia. Maji mekundu yana maana kwamba hewa inaingia kila siku: kuna mahali panavuja na mtu anajaza kimya kimya.

Kuwasha mara ya kwanza, na kila asubuhi

Jaza kutoka chini, polepole, vijivalvu vya hewa vyote wazi, ukivifunga kimoja kimoja vinapoanza kutoa maji bila mapovu. Acha usiku mmoja bila moto. Asubuhi kagua kila kiungo kwa karatasi ya chooni, inaonyesha unyevu ambao jicho halioni. Kisha moto mdogo, nyuzi 50, uache umalizike, kaza flanchi. Siku ya pili 70. Siku ya tatu 85. Fundi anayekufikishia 85 siku ya kwanza ana basi la kuwahi.

Kila asubuhi washa kwa kuni kavu, siyo maganda. Maganda kwenye boila baridi yanatoa moshi mzito unaoganda kwenye kuta kama lami, na lami ile inakula chuma na siku moja inawaka ndani ya bomba la moshi. Subiri kipimajoto cha chini kisome 60, ndipo koleo la kwanza la maganda. Baada ya hapo nusu koleo mara kwa mara ni bora kuliko makoleo matatu kwa mkupuo. Moshi ukiwa mweusi, moto unakosa hewa, fungua tundu la juu la mlango. Anayechochea avae glavu, na asisimame mbele ya mlango anapoufungua.

Vijana wananiuliza kuhusu jua. Linafaa upande wa maji ya kuoshea: mita moja ya mraba ya paneli ya maji inaweza kukupashia kama lita 50 hadi nyuzi 60 siku ya jua zuri. Kikaushio hakitaki kusubiri mawingu yapite. Na gesi ya Mnazi Bay iko mkoani kwetu tangu ilipogunduliwa mwaka 1982, ila bomba lake halijapita mlangoni kwa mama. Siku likipita, tanki, radieta na mabomba vyote vinabaki, tunabadilisha boila tu.

Msimu ukiisha

Usimwage maji. Mfumo mtupu wenye unyevu unashika kutu haraka kuliko uliojaa. Safisha tanuri kwa brashi ya waya mpaka chuma kionekane, toa majivu yote kwa sababu yanavuta unyevu, paka chokaa ya ukutani ndani ya mlango. Zungusha pampu kwa mkono mara moja kwa mwezi isigande. Kagua valvu ya usalama.

Bomba la moshi lifunike kwa ndoo ili mvua ya masika na nyuki visiingie. Ukishaifunika, andika kwa chaki kwenye mlango wa tanuri, herufi kubwa: NDOO IKO JUU. Kwa mama tuliisahau chaki. Oktoba waliwasha, moshi wote ukageukia chumbani, wakatoka mbio na vitenge usoni, na mimi nikapigiwa simu nije nione boila mpya iliyoharibika.